Pumzi Mbili, Kijitonyama

Saa nane usiku, juu ya paa la ghorofa ya nne,
mimi na Nestory na mtambo mpya wa mnara.
Huu hausemi tu, alituambia aliyetukabidhi, unaona pia.
Wimbi lilelile linalopeleka salamu
linagonga bati, ukuta, mbavu za mtu,
likirudi linasimulia lilichokigusa.

Tukauelekeza, kwa majaribio, kwa Bi Mwanakombo,
mjane wa chumba cha uani, mwenye pumu.
Kwenye kompyuta akawa uzi mwembamba:
unapanda, unashuka, mara kumi na nane kwa dakika.
Nestory akacheka, "Mama kalala."
Kisha uzi wa pili ukachomoza kando yake,
mzito, wa taratibu.
Nestory akaacha kucheka.

Wahenga walizipa kuta masikio.
Hawakulifikia hili: ukuta uliogeuka dirisha
na mwenye nyumba bado anatundika pazia.

Maana mwangwi hauna anwani.
Yeyote mwenye antena ya kuungaunga
kule ng'ambo ya mtaro
anaweza kuuokota, akajua
nyumba ipi imelala, ipi ni tupu,
nani hayuko peke yake.
Wala hahitaji nywila.
Na kuna baya zaidi: tukimshuku mtu, mnara humwinamia
ili umwone vizuri, na mwale unaommulika
ndio huohuo uliobeba barua za watu.
Kurunzi inamsaka mwizi
huku ikimsomea.

Nikafanya kama shangazi yangu wa Tandale,
aliyekuwa akipandisha redio kila penye siri:
nikamwaga kelele za makusudi ndani ya wimbi.
Nyuzi zikachafuka, zikawa manyunyu.
"Sasa hata sisi hatuoni," Nestory akalalamika.
Kweli. Ndiyo bei yake.
Nikapunguza. Nikaongeza. Nikapunguza tena.
Hadi adhana ya alfajiri sikukipata kipimo
kinachojua mtu ameanguka bafuni
kisichojua amelala na nani.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: Idadi ya watu.
Nilikiacha kitupu.

Asubuhi, penye vitumbua, Bi Mwanakombo
akanipokea kwa tabasamu, "Za usiku, fundi?"
"Salama," nikasema, "sikuona kitu."

Mkono wake ukasimama juu ya bakuli.