Mstari wa Kumi na Saba

Agosti, Gilgil. Jua limetoka lakini halijaanza kazi.
Ukungu umelala juu ya Eburu kama blanketi
la mtu aliyeitwa mara tatu na hataki kuamka.
Kibao langoni kinasema: Karibuni, Msimu wa Mavuno.
Shangazi Nyakio anakisoma mara mbili,
kisha ananiuliza kwa nini tunaingilia mlango huu.

Miaka tisa aliingilia ule mwingine,
wa nyuma, karibu na tangi,
saa kumi na mbili kasorobo, mkasi mfukoni,
vidole vimefungwa plasta kabla ya kukatika.
Leo nimemlipia. Amevaa sweta la kanisani
na viatu vinavyomfanya atembee kama mgeni.

Kijana anayetuongoza ana sauti ya redio.
Anatuambia kwamba ng'ambo, mwaka ukizeeka,
mizabibu hujivua yenyewe: majani huiva kama matunda,
huanguka, na shina hulala mpaka theluji iyeyuke.
Hapa, anasema, ikweta iko jirani mno,
mzabibu haujui usiku wa mwaka.
Sisi ndio tunaoulaza, kwa mkasi na kwa kiu.

"Mkasi ni wangu," shangazi ananinong'oneza.
"Na kiu pia."

Waliosikia wanacheka. Yeye hakutania.

Yako majani machache yaliyogeuka hata hivyo,
rangi ya mabati ya stesheni ya zamani.
Upepo unashuka kutoka Kipipiri, unayajaribu moja moja
kama mama sokoni anayebonyeza parachichi,
na lile lililo tayari linaondoka naye.

Tunapewa vikapu vidogo, vya kuchezea.
Bwana mmoja mwenye kofia pana anavuta kichala kama anakamua ng'ombe.
Mkono wa shangazi hauwezi kuvumilia:
unapita chini, unakinga, unakata, unageuza,
kichala kimekaa kikapuni na unga wake haujafutika.
"Umesomea wapi?" bwana anauliza.
"Hapo," anasema, na kidevu chake kinaonyesha
mstari wa kumi na saba.

Hapo ndipo simu ilipolia, ananieleza tukibaki nyuma.
Wahito amefaulu, anaitwa chuo kikuu.
Na karani amesimama kule mwisho na daftari lake.
"Nikamaliza mstari kwanza. Kreti sita.
Kisha nikaenda nyuma ya tangi
nikapiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume,
peke yangu. Nani angenihesabia?"

Chini ya hema, glasi zimepangwa na vitambaa vyeupe.
Zungusheni, anasema kijana. Nuseni. Mnapata nini?
Forosadi, anasema mmoja. Ngozi ya tandiko.
Pilipili manga, kwa mbali sana, anasema wa kofia.
Shangazi ameifunika yake kwa kiganja.
Kanisa lake limekataza kumeza;
kuhusu pua, anasema, hakuna aliyewahi kuhubiri.
Anaondoa kiganja. Ananusa kwa muda mrefu,
macho yamefumbwa, kama anatafuta ufunguo ndani ya kiondo.

"Vumbi likipata tone la kwanza.
Kamba ya mkonge iliyolowa."
Kimya kidogo.
"Na huu mkono wangu wa kushoto."

Kijana anatabasamu, anatafuta neno katika yale aliyofunzwa,
halipati, anahamia kwenye bei.
Chupa moja: siku tano za mshahara wa kuvuna.
Hesabu hiyo ni yangu. Yeye hakuifanya,
au aliifanya miaka tisa iliyopita akaiacha hukohuko.

Ananisogezea glasi. Nakunywa.
Mimi napata mvinyo tu, na baridi ya glasi menoni.

Saa tisa kengele ya wavunaji inalia.
Nikigeuka hayupo kitini.
Namwona kwa mbali, viatu mkononi,
anapita katikati ya mistari kuelekea mlango wa nyuma,
na wanawake wa plasta wanamwita kwa jina
ambalo nyumbani hatujawahi kulisikia.

Namngoja barabarani na mkoba wake.
Ukungu unarudi. Mfukoni nina risiti ya watu wawili.