Namba Ukutani

Kilembe, enzi za shaba, kila mchimbaji
alikuwa na kibati chenye namba.
Asubuhi unakichukua ubaoni, unashuka nacho gizani;
jioni unapanda, unakirudisha msumarini.
Msumari ukibaki mtupu hadi kengele ya pili,
wanawake walianza kujifunga vitenge viunoni
kabla hajatumwa mtu kuwaambia.

Namba ya babu: elfu mbili mia saba na tisa.
Mukaka, ndivyo tulivyomwita bibi kwa lugha ya mlimani,
aliijua hiyo tu.
Tarakimu nyingine zote kwake zilikuwa nyayo za kuku.

Mgodi ulipofungwa watu walibeba nyaya, mabomba, mabati.
Yeye alimtuma babu akalete namba yake.
"Uliingia mara elfu," alimwambia. "Sasa toka kabisa."

Kisha akapigilia misumari kando ya mlango wetu,
kwa jiwe la mtoni,
akatoboa vizibo vya soda, akavichora kwa ncha ya kisu:
Masika mstari mmoja, mimi Biira miwili, Kabugho mitatu.
Wasichana mistari wima.
Baluku, Bwambale, Masereka, mistari ya kulala,
kwa sababu, alisema, ndivyo walivyo saa ya kuchota maji.

Ukitoka, chukua. Ukirudi, tundika.
Hakuuliza ulikuwa wapi.
Aliusoma ukuta, ndipo akapakua sombe.

Nilipofika miaka kumi na minne nikaona haya.
Siku moja nilikiacha kizibo msumarini makusudi,
nikaenda disko Kasese, nikarudi alfajiri.
Nilimkuta kizingitini, mikono magotini.
"Ukuta uliniambia umelala."
Basi. Afadhali angenichapa.

Usiku ule Nyamwamba ilipokuja na mawe,
mawe ukubwa wa ng'ombe, yakigongana gizani,
aliupapasa ukuta kwa vidole:
wima mmoja, wima miwili, mitatu,
kulala mmoja, miwili,
halafu msumari.
"Watano wamo. Masereka yuko Bugoye kwa shangazi."
Akatuamsha mmoja mmoja, kwa majina, bila kupaza sauti,
kama anayetuamsha kwenda shule.
Tukapanda mlima tumeshikana nguo.

Kulipokucha hapakuwa na ukuta.
Wala mlango, wala mafiga aliyopikia miaka arobaini.
Katika ngumi yake kibati cha babu,
kimemkata kiganja, naye hajui.

Wazee ni hazina, tunasema,
hasa makaburini, tukiwa tumevaa vizuri.
Sijui hazina gani.
Mimi nilimjua mmoja, na alikuwa karani wa zamu.

Tulimzika Januari, kwenye mteremko,
mahali ambapo mto haufiki, tunadhani.
Masereka alitaka kibati kizikwe naye.
Tulibishana kwa minong'ono, waombolezaji wakisikia yote.
Masika ndiye aliyekata shauri:
"Akishuka nacho, msumari utabaki mtupu,
nasi tutamngoja maisha yetu yote.
Babu alikwisha kutoka. Mwacheni na yeye atoke."

Sasa kiko kwangu, Kireka, chumba cha kupanga,
kando ya swichi ya taa.
Mwenye nyumba kauliza kwa nini natoboa ukuta wake.
Nikamwambia ni cha marehemu.
Akakitazama, akaenda zake, kodi hakuidai siku hiyo.

Jana binti yangu, Masika mwingine, miaka minne,
ameokota kizibo dukani,
akakikwaruza kwa kijiko jioni nzima:
mstari mmoja, umepinda,
si wima, si wa kulala.
Kaja kunisimamia. "Wapi?"

Nimetafuta nyundo, sina.
Nimetoka nje kutafuta jiwe.