Kilomita Elfu Sitini na Mbili

Saa ya Probox ilisema elfu sitini na mbili,
nami nikaiamini kama mtu anavyoamini umri wa mchumba.
Nyeupe, imepigwa polishi hata mawingu ya Isevya
yakawa yanatembea juu ya boneti.
Rizwani akawasha redio.
"Mama Milembe, hili lilikuwa gari la daktari.
Kanisani na kurudi, basi."

Sikuuliza daktari gani. Wala kanisa gani.
Mimi ninayechovya kijiti hadi chini ya kila debe
kwa kuwa najua asali hukaa wapi na maji ya sukari hukaa wapi,
siku hiyo nilinunua kwa kutazama mfuniko.

Milioni tano zangu, jasho la misimu minne ya Sikonge.
Nne za wale jamaa wa barabara ya stesheni,
meza moja, viti viwili, feni isiyozunguka.
Kidole chao kilijua pa kutua:
saini hapa, na hapa, na hapa.
Nikasaini kama kuku anayedonoa.

Wiki ya tatu, kabla ya kufika Ipole,
gari lilikohoa mara mbili, likanyamaza.
Madebe kumi na manne nyuma, jua utosini,
nyuki wa porini wakaja kunusa walichoibiwa.

Fundi Lugendo hakusema neno.
Alichukua kitambaa, akafuta ubavu wa mlango
pale unapofungia, akaniita:
"Soma, mama."
Kibandiko, kona moja imechanika.
*Oili imebadilishwa. Km 214,300.*
Tarehe ya miaka miwili nyuma.
Kalamu ya bluu, mkono wa mtu nisiyemjua,
mkweli kuliko wote waliokula hela yangu.

Usiku umeme ulikatika. Milembe akashika tochi ya simu,
tukausoma mkataba kama watu wanaochambua mchele.
Riba ni ya mwezi, si ya mwaka. Jiwe.
Faini ya kuchelewa kila siku, hata Jumapili. Jiwe.
Mkopeshaji aweza kuchukua mali yoyote ya ndani.
"Yoyote," mwanangu akarudia, akaitazama cherehani yake.
Ukurasa wa tano uliishia katikati ya sentensi.
Wa sita hawakunipa.
Mtaani mikopo hii huitwa kausha damu.
Nilidhani ni utani.

Walikuja Jumanne, vijana wawili na pikipiki,
wakitaka friji.
Niliwapokea mikono inanata.
"Karibuni. Leseni ya kukopesha iko wapi?
Amri ya mahakama je?
Na ukurasa wangu wa sita?
Mwenyekiti wa mtaa yuko njiani, anakuja na muhuri wake."
Mmoja akacheka. Mwenzake alikuwa ameshaigeukia pikipiki.
Friji likaendelea kunguruma.
Mambo hayakuishia hapo: deni bado nalilipa,
ila sasa kwa hesabu niliyoiona kwa macho yangu,
na kila shilingi ina risiti.

Kwa Rizwani nilikwenda mara nne.
Mara ya kwanza hakuwepo.
Ya pili alikuwepo, simu sikioni, hadi nikachoka mimi.
Ya tatu: "Mama, ukishanunua umenunua."
Ya nne nikamwekea mezani picha ya kibandiko,
maelezo ya Lugendo yenye sahihi,
na nakala ya malalamiko niliyokwisha kuyapeleka.
Alisoma hadi 214,300,
akanyoosha mkono, akazima redio.

Milioni mbili amerudisha. Zilizobaki ni "Ijumaa".
Ijumaa zimefika saba. Naandika barua nyingine.

Gari liko kwa Lugendo, juu ya matofali.
Juzi nyuki wameanza kujenga ndani ya taa ya kushoto.
Nimemwambia asiwafukuze.
Hao, angalau,
wamelikagua kabla ya kuhamia.