Daftari Lenyewe

Umeme ulikatika saa moja na dakika kumi.
Nikaenda kwa Mama Ngoie kuomba kiberiti,
nyumba ya tatu tu. Nikaulizia mguu wake, nikarudi.
Mezani palikuwa na waya wa chaji,
umejikunja kama mkia uliokatwa,
na mraba safi katikati ya vumbi jekundu la Katuba
pale kompyuta ilipokaa miaka minne.

Kwanza, usikimbie gizani.
Mimi nilikimbia. Nikagonga goti kwenye ndoo ya jirani,
nikaupigia mpera kelele: mwizi!

Kisha, kabla ya polisi, kabla ya machozi,
azima simu, badilisha nywila zote,
ya barua, ya pesa, hata ile uliyoisahau.
Yangu ilikuwa jina la mke aliyeondoka.
Nilisimama uani kwa Kyungu, simu yake mkononi,
nikimfuta Kapinga herufi moja moja,
na mtandao ukiniuliza: una hakika?

Asubuhi, polisi. Afisa mpole, shati limenyooka.
"Namba ya mashine?"
Ilikuwa imeandikwa chini, tumboni,
na nani humgeuza mbwa wake ili amsome tumbo?
Wewe iandike leo. Ukutani, ndani ya Biblia, popote.
"Alama yoyote?"
Herufi M imefutika, nikasema.
Nimeandika sana *mama*:
mama huyu amelipa, mama yule bado.
Akacheka, akaandika, akaomba pesa ya karatasi.

Nikashuka hadi soko la Kenya
nikijifanya mnunuzi.
Kijana mmoja alifungua mashine saba juu ya gunia,
akazipangusa kwa kiwiko, akazisifu kama mahari.
Mimi nilitazama M tu.
Kila M ilikuwa nzima, nyeupe, jino la mtoto.
Nilirudi kwa miguu, nikiona haya
kwamba nilitamani kuikuta imeibwa vizuri,
imetunzwa, inauzwa ghali.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hawakusema lolote
kuhusu siku daftari lenyewe linapopotea.

Jumapili, likelemba. Wanawake kumi na wanne,
viti vya plastiki, mimi mwandishi wao
mikono mitupu kama mtu aliyetoka kuoga.
Nikawaambia.
Kimya. Jogoo wa Mama Masengo akapita katikati yetu
akihesabu miguu.

Halafu Mama Ngoie akanyoosha ule mguu wake mbovu:
"Mimi nadaiwa elfu themanini. Andika."
Andika wapi? Mtoto akaletwa na daftari la shule,
kurasa za nyuma, za hesabu alizokosa.
"Mimi arobaini, na ile ya unga."
"Mimi nilimaliza Februari, Ngoie shahidi."
Mmoja akasema thelathini.
Nilikumbuka sitini. Niliandika thelathini.
Mama Masengo akamtazama
muda wa kusonga bukari hadi ishikane,
hakupepesa.
"Sitini," yule akasema, akishika kitenge chake.
"Nilisahau ile ya msiba."

Basi deni lilirudi lote, hadi franki ya mwisho,
na sasa kila mwezi nakili mbili:
moja kwangu, moja chini ya godoro la Masengo,
ambako mwizi atakutana na Masengo.

Lakini kuna kitu ambacho kumi na wanne wale
hawakuweza kunisomea.
Barua kwa kaka yangu, Kolwezi.
Miaka miwili naiandika, naifuta, naiongeza,
kurasa tisa za kueleza nyumba ya baba,
nani alisaini nini, nani alianza kutukana.
Ewe uliyeichukua, kama uliifungua
kabla ya kuisafisha mashine uiuze,
unajua sasa kuliko yeye.

Jana niliianza upya, kwa kalamu.
Imetoka mistari mitatu.
Nimeituma.