Mikono Maji

Si joto. Jueni kwanza kuwa si joto.
Kipupwe kimeingia Wete, watu wamejitanda kanga hadi masikioni,
na mimi hapa barazani, sindano mkononi,
viganja vinanichuruzika
kama mtungi mpya uliojazwa jana.

Nashona kofia. Vitobwe mia na mia juu ya kitambaa cheupe,
na kila kimoja nakipitia kwa hofu,
maana jasho halina adabu mbele ya nyeupe:
likikauka huacha unjano,
na Bwana Shaame, mnunuzi, huinua kofia juani,
akafumba jicho moja,
akakata bei.

Kila mtu na sababu yake.
Bi Mgeni asema damu yangu nzito.
Jirani wa uani asema nimetupiwa kitu, ninywe kombe siku saba.
Shangazi Ghanima: "Acha pilipili, acha kahawa, acha kufikiri."
Pilipili niliacha. Kahawa niliipunguza.
Kufikiri ndiko kulikozidi.
Nikapaka shabu, nikapaka poda,
nikawa nashona kama mkanda mandazi,
vidole vyeupe, uzi umeganda.

Hospitali, Dokta Salhiya alinipapasa shingo akitafuta tezi.
Usiku waloa shuka? Moyo waenda mbio?
Umekonda? Wapata kiu isiyokatika?
Akapima sukari. Akapima damu.
Hapana, hapana, hapana,
mpaka nikaona haya kuwa mzima.

Kisha: "Kwenu kuna mwingine?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna.

Baba.
Baba aliyesalimia watu kwa kuweka mkono kifuani,
hata mskitini, hata siku ya Idi, wakamwita mwenye kiburi.
Baba aliyenipeleka chuoni
nimeshika pindo la koti lake, si kidole.
Baba na leso yake, imekunjwa ndani ya ngumi,
nikidhani ana mafua yasiyokwisha.

Na siku ya akdi yangu
alikuwepo, mzima, kanzu imepigwa pasi,
akampa ami Faki uwakala.
Ami ndiye aliyeshikana mkono na mume wangu.
Mimi chumbani, nikaisikia sauti isiyo ya baba ikiniozesha,
nikafunga fundo
lililokaa miaka kumi na saba,
hata maitini kwake sikulifungua.

"Ni mishipa tu," alisema Dokta, akiandika kwenye kadi.
"Yaita maji pasipo moto. Aghlabu hurithiwa. Haiui."
Haiui, kweli.

Wakati wa kuagana alininyooshea mkono.
Nikaufuta wangu kwenye buibui, mara moja, mara ya pili,
kisha nikampa hivyo hivyo.

Jana Bwana Shaame amekuja, amechukua kofia tano.
Ya sita ina doa pembeni, umbo la kidole gumba.
Akaipapasa, akataja nusu bei.
Hiyo, nikamwambia, ina mwenyewe.