Kubangua

Nilifika Nyangao na sanduku la bati,
godoro la sufi limefungwa kwa kamba ya katani,
na barua ya paroko wa Nachingwea
iliyosema mimi ni kijana mtulivu.
Bruda Gaudensi aliisoma, akaikunja,
akauliza kama nimekula.

Hakuuliza zaidi siku ile.
Alishika upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine,
na kwa kuwa mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi
tulikwenda pogo mpaka bwenini,
bati likitugonga magoti.

Tulikuwa sita. Wamwera watatu,
Wamakonde wawili wa Newala
walioamka usiku kutazama kama bomba bado linatoa maji,
na Pontiani, Mmakua wa Masasi,
aliyeangua kicheko katikati ya zaburi
kila tulipofika penye neno "pembe".

Tulidhani mlezi ni fimbo iliyovishwa kanzu.
Jandoni tulifunzwa hivyo:
anayekuingiza ukubwani
lazima kwanza akuumize.
Tukangoja kuumizwa.

Mwezi wa Kumi, zamu ya kengele ikawa yangu.
Saa kumi na moja kasoro robo, alfajiri.
Nikalala usingizi wa pono.
Nilipozinduka jua lilikwisha kugusa mikorosho
na nyumba nzima, mapadre wazee, mkuu wa nyumba, wapishi,
imechelewa kwa Mungu kwa ajili yangu.

Nikakimbia kanisani, vifungo vya shati vimekosana.
Katikati ya sakafu, mbele ya wote,
mtu amepiga magoti,
goti moja halifiki vizuri chini.
"Kengele imenipita," alisema. "Naomba radhi."

Hakugeuka.
Hata wakati wa chai hakunitazama kwa namna ya pekee.
Alinisogezea muhogo.

Fimbo huwa na mwisho wake.
Muhogo ule niliutafuna wiki nzima.

Usiku wa Jumamosi nikafunga sanduku.
Nikamkuta nyuma ya jiko, njia ya langoni,
kibatari pembeni, anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.
Aliliona sanduku.
Akanisogezea kigogo cha kukalia na kipande cha chuma.
"Gari la Lindi halipiti kabla ya saa kumi na mbili.
Nisaidie kidogo."

Nikagonga. Tunda likapondeka.
Nikagonga tena, likapondeka.
"Isimamishe," alisema. "Utafute mshono.
Kila moja ina mahali inapokubali kufunguka."
Nilizoziponda alizila mwenyewe, mojamoja,
akasema tumboni hazina tofauti.

Majogoo yalipoanza, akatia mkono mfukoni
akanipa noti zilizokunjwa ndogondogo, nauli kamili,
na ufunguo wa mnara.
"Vyote viwili ni vyako," alisema.
"Ila magoti yangu yananiuma.
Siwezi kuomba radhi kila wiki."

Nilipiga kengele ile
mpaka mbwa wa ng'ambo ya Lukuledi wakaitikia.

Aliyeondoka ni Pontiani, Kwaresima iliyofuata.
Bruda akashika upande wake wa sanduku,
wakaenda pogo hadi barabarani,
akasimama naye juani mpaka gari likaja,
na hata lilipokwisha kupita kona
mkono wake ulikuwa bado uko juu.
Pontiani ana duka la salfa Masasi, watoto wanne.
Wa kwanza anaitwa Gaudensi.

Mimi ndiye mlezi sasa.
Jana wamekuja watano.
Mmoja, Eriki Nampunju wa Ruangwa,
ana barua ya kumsifu utulivu
na macho yaliyokwisha kupima urefu wa ukuta wetu.

Sijui kulea. Najua kuamka mapema.
Nimekunja noti chache, ndogondogo,
nimekipeleka kile chuma nyuma ya jiko,
na miguu yangu yote miwili ni sawa, kwa bahati mbaya,
kwa hiyo tulipobeba sanduku
nilijilazimisha kuchechemea kidogo.

Nilimuuliza kama amekula.