Darasa la Ming'oko

Jumamosi, mashine ya Chiputula ikishazimwa,
tunakaa juu ya magunia ya pumba,
wanawake kumi na saba na wanaume wanne na nusu.
Nusu ni Mfaume: huja, husalimia, hulala.
Fadhina binti Nalinga anaandika ukutani kwa mkaa:
SARAFU. Anapiga mstari chini yake, anakohoa vumbi.

"Hii haishikiki," anasema.
Tukacheka. Sisi watu wa korosho
pesa isiyoshikika tunaijua kwa jina la ukoo.
Kila msimu gunia linakwenda ghalani,
tunapewa karatasi inayosema unayo,
Novemba unayo, Desemba unayo,
mpaka nyasi zinaota mlangoni
karatasi inasema unayo, mfuko unasema huna.
Kwa hiyo endelea, mwanangu. Hapo hujatutisha.

Jina tuliipa wenyewe. Vijana walitaka Simba,
walitaka Almasi, jina la kuandika kwenye tisheti.
Bi Somoe, muuza maji, akauliza: inapatikanaje?
Inachimbwa.
Basi iwe Ming'oko, akasema,
maana kitu gani kingine hapa Newala
unakichimba mgongo ukivunjika
na hukioni mpaka umekifikia?
Likapita.
Ming'oko moja, ndoo moja ya maji.
Ming'oko mbili, kusaga debe.

Somo la kwanza halikuwa simu. Lilikuwa aibu.
"Nani aliingia ule upatu wa pikipiki?"
Kimya. Pumba zikaelea hewani.
Nikainua mkono mimi, mweka hazina,
kwa kuwa bati zangu ishirini
ziliondoka na yule bwana wa tai nyekundu.
Kisha mkono mwingine. Mwingine.
Mfaume akaamka ili ainue wake.
"Atakayewaambia hii italala moja iamke kumi," alisema Fadhina,
"mfukuzeni kama mbwa jikoni. Hata nikiwa mimi."
Niliandika hilo kwenye daftari, na tarehe.

Somo la pili, maneno kumi na mawili.
Ndiyo ufunguo. Ukiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kulia,
hakuna karani wa kununuliwa soda.
Maneno yenyewe ya Kizungu, na Kizungu sina,
nikayachora: kijiko, mbuzi jike, daraja,
na la nne ni —
la nne nikutajie wewe kama nani?
(Na hayo matatu nimekudanganya.)
Nilifundwa unyagoni na bibi yangu
katika nyumba isiyo na dirisha.
Kuna mambo nimeyabeba miaka arobaini na moja,
mume wangu amezikwa hayajui.
Kumi na mawili ndiyo yanishinde?

Sitasema uongo: mwezi wa nane ilianguka.
Chiputula akafunga mlango siku tatu.
"Injini inakunywa dizeli," alisema, "haili ming'oko."
Wawili wakajitoa, mmoja akatutukania mama zetu.
Fadhina alikuja na macho mekundu,
akaandika ukutani kwa nini, hatua kwa hatua,
na pale asipojua akaandika: sijui.
Ni mwalimu wa kwanza niliyemwona akiliandika neno hilo.
Bi Somoe alisikiliza, akajifunga kanga upya.
"Ndoo yangu haijapungua," akasema. "Mimi napokea."

Jana mtandao uligoma.
Nikapanda kichuguu nyuma ya kisima cha shule,
simu juu kama mtu anayeomba mvua,
vidole vyangu vyenye mafuta ya korosho
vikiteleza kwenye kioo, mara ya kwanza, mara ya tatu.
Kule chini simu ya Bi Somoe ikalia kama kifaranga.
"Imeingia!" akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia.
Nikateremka, nikatembea mpaka nyumbani
nimenyoosha shingo kama bibi harusi,
nikafika mlangoni, nikajitazama mikono:
ndoo nimeiacha kisimani.